Saa Arobaini na Nane za Maji

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya paa, rula mkononi, napima kina cha maji. Sentimita tano, vilevile kama jana, na dari chini ilikuwa kavu. Zilibaki saa ishirini.

Sheria mpya inataka kila shule mpya iwe na bustani juu ya paa. Sina ugomvi nayo. Udongo na majani hupoza vyumba. Lakini kabla ya kupandisha udongo, maji yakae juu ya paa saa arobaini na nane ili ionekane kama linavuja, ndipo mkaguzi wa majengo atie saini. Bila saini hiyo, dada yangu hafungui chekechea yake Jumatatu. Watoto kumi na tisa wameshaandikishwa, na leo ni Alhamisi.

Nikasikia viatu ngazini. Bwana afya.

"Fundi, haya maji yaliyotuama ni ya nini? Unafuga mbu?"

"Ni jaribio, bwana. Kesho asubuhi nayatoa."

"Toa sasa hivi."

Dada alipanda mbio, ufagio bado mkononi. "Mbu gani huyo anayekua kwa siku mbili? Anakunywa dawa ya kunenepa?"

"Mama, kanuni haitaji siku. Inasema maji yasituame. Nikikuta tena, jengo nalifunga."

Nilimpa daftari langu nikamwomba aandike. Alisitasita, kisha akaandika: Maji yaondolewe leo. Nikachomoa kizibo. Maji yakaondoka yakikoroma kwenye bomba, na mimi nikayatazama mpaka yakaisha.

Nikampigia mkaguzi.

"Umeyatoa? Basi unaanza upya, fundi."

"Aliyeniamuru ofisi yake imepakana na yako, mzee. Mnatenganishwa na ukuta."

"Yeye ana kanuni zake, nami nina zangu. Na Jumamosi siji."

Dada aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Wakipigana mafahali, huumia nyasi."

"Nyasi gani? Hata hatujapanda."

Alicheka kidogo, kisha akawa anakunjua na kukunja orodha ya watoto. "Wazazi niwaambie nini, Rula?" Ndivyo anavyoniita tangu nianze ufundi.

Sikutaka kusema maofisa wale wawili ni watu wabaya. Kila mmoja anasoma karatasi yake mpaka mwisho. Nikarudisha kizibo.

"Bwana afya akirudi tena?" dada akauliza.

"Tutakuwa tumemtangulia. Kesho saa mbili tunakwenda kwao wote wawili, na daftari hili. Bwana afya aandike maji yakae, au mkaguzi afute jaribio. Hatuondoki."

"Basi fungulia."

Maji ya bomba alasiri hutoka kama uzi. Jua lilipozama nilipima: sentimita moja na nusu, na upande wa mashariki bado mkavu. Niliacha mpira wa maji ukitiririka, nikaandika saa kwenye daftari, nikashuka.