Vipepeo Wasiokuwa kwenye Orodha

Jumatatu saa tatu asubuhi, Papa Hilaire, mtunza wadudu katika kituo kimoja cha utafiti Kisangani, alikuwa akipanga makasha ya kioo pale Mama Gertrude alipoingia na kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na kipepeo wa njano.

"Papa Hilaire, angalia ku bawa. Huyu iko mutoto yangu Cathy."

Hilaire alichukua lenzi. Vipapasio vya rangi ya waridi, doa jeusi katikati ya bawa la mbele: jike la wale wahamaji wanaovuka mto kila mwaka bila kutua. Mwaka huu walikuwa wametua kwenye kamba za nguo za mtaa wa Makiso. Bawa la kushoto lilikuwa na kovu la mafuta ya moto, lile alilolipata Cathy akikaanga maandazi. Akaandika aina, kisha jina.

"Iko yeye," alisema.

Mwezi uliotangulia Cathy alipanda mashua ya mbao kwenda Isangi, nayo ikazama. Orodha ya mwenye mashua ilikuwa na majina arobaini, kama kibali kilivyotaka; waliozidi hawakuandikwa. La Cathy halikuwemo, basi serikalini Cathy hakufa. Na bila mwili wala jina hakuna matanga: ukoo hauji, nyimbo haziimbwi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata mzazi anahitaji watu wa kulia nao.

Kufikia Jumatano jamaa za abiria wengine wasioandikwa walileta makopo yao. Kipepeo mmoja alikuwa na kikohozi cha Tonton Zakaria, mjomba wa watu aliyezama pamoja na Cathy. Hilaire alitambua sabini na watatu, akawapeleka ofisi ya bandari.

Mkuu wa ofisi, mtu mwenye adabu nyingi na haya kidogo, aliwatazama mmoja mmoja. Hakubisha.

"Bon, papa, iko bao benyewe. Zakaria ninamujua. Lakini mutu mwenye kuruka hayakufa. Alors tutaandika: bote iko ku safari."

Akapiga muhuri wa "yuko safarini" mara sabini na tatu. Ukatili ni ukatili, hata ukiwa na muhuri. Wino ulikwisha kwenye karatasi ya sitini, akaagiza mwingine dukani.

Alhamisi wahamaji waliondoka. Gertrude alimwomba Cathy abaki, siku mbili tu. Cathy alitembea juu ya kiganja cha mama yake, akaruka kuelekea kusini. Bandarini mashua nyingine ilikuwa bado inapakia watu, na orodha yake ilikwisha kufungwa kwenye jina la arobaini.

Gertrude alitandika mkeka wa matanga uani, akakaa. Hakuna aliyekuja kukaa naye. Habari za muhuri zilikuwa zimewafikia majirani. Walipita wakamsalimia kwa furaha, wakamuuliza Cathy atarudi lini.