Plagi za Akiba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ikikata masikio, dereva aliliwasha gari la wagonjwa. Lilikohoa, likatetemeka, likatema moshi mweupe unaonuka mafuta mabichi. Akaliacha likinguruma hapohapo, chini ya dirisha la wodi ya watoto, mpaka saa sita. Ndivyo alivyofanya kila siku ya baridi.

Nilikuwa na wiki tatu tu za uuguzi. Nilipompangusa pua mtoto wa kitanda cha dirishani, anayetibiwa kifua, pamba ilitoka nyeusi. Nikatoka nayo nje.

"Shikamoo, baba. Zima gari."

"Marahaba. Likigoma kuwaka tena, nani atalisukuma? Wewe na cheti chako?" Akacheka, mkate mdomoni. "Dizeli inataka joto, binti. Plagi za kupasha injini ni nne, na tatu zimekufa."

"Si ziletwe nyingine?"

"Mbona zipo! Muulize Matroni."

Matroni alifungua kabati la ofisini kwake. Plagi nne mpya, ndani ya nailoni, zimelala hapo miaka miwili.

"Hizi ni za akiba," alisema. "Tukizifunga, tutabaki na akiba gani?"

Aliyasema hayo akipuliza chai yake, dirisha lake limefungwa barabara. Niliiweka pamba kando ya kikombe.

"Imetoka puani mwa mtoto, mama."

Akakivuta kikombe upesi, uso umemkunjamana. Kumbe naye kinyaa anakijua.

"Toa uchafu wako hapa! Na hizo plagi zako, beba."

Mchana dereva alizifunga, akinung'unika. Kesho yake alizungusha ufunguo nusu, taa ya manjano ya plagi ikawaka kwenye dashibodi, akangoja izimike. Injini ikaitika mara moja, moshi kidogo tu. Akashuka, akaliacha likinguruma, akaenda zake kutafuta chai.

"Baba!"

"Mazoea, binti. Liache lichemke."

Nikapanda, nikalizima. Akaja mbio.

"Umeniua! Lisipowaka je? Akiletwa mgonjwa?"

"Jaribu."

Akangoja taa, akajaribu. Likawaka. Akalitazama kama mtu aliyedanganywa na mkewe miaka yote, kisha akalizima mwenyewe.

Uwanja ukanyamaza. Ndani mtoto alikohoa, kikohozi kirefu, kikavu. Asubuhi zote zile nilikuwa sijawahi kukisikia.