Kamba ya Pazia

Kitendawili. Ana maneno ya watu wote mdomoni, lake hana hata moja. Haonekani, na asipokuwapo wote hukwama. Umeshindwa? Basi nipe mji. Malindi? Haya, nimekwenda Malindi, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni mnong'onezi, mtu akaaye nyuma ya pazia na karatasi, mchezaji akisahau amtilie neno. Mwaka wa tisini na nne, mnong'onezi nilikuwa mimi.

Mwalimu Naomi, wa shule ya mjukuu wangu Tumu, alinichukua kwa kuwa nilisoma hadi darasa la sita na sikukosa mazoezi hata siku moja. Akanifunza na maneno ya watu wa maigizo. Maleba ni nguo za mchezo. Hadhira ni wale waliokaa kutazama. Mtu akisema ya moyoni mwake peke yake jukwaani, hayo ni mazungumzo nafsia.

"Hayo mimi nayafanya jikoni kila siku," nikamwambia.

Tumu alicheza mwari. Kingi, mwenzake wa kidato cha pili, alikuwa baba: amuulize kama ameridhia posa, naye ajibu, "La, baba. Sikuridhia." Basi, hayo tu.

Lakini nyumbani kwetu Kibokoni swali hilo lilikuwa limeshaulizwa Jumanne, na si mchezo. Posa imetoka Lamu. Mwanangu Muhdhar, babake Tumu, karani wa ghala kule Shimanzi, akamuuliza Tumu mbele yangu. Tumu akatazama mkeka. Na kwetu mwari akinyamaza amekubali. Mimi mwenyewe niliolewa hivyo. Muhdhar akasema Jumapili baada ya Magharibi atapeleka jibu.

Tangu hapo sikutulia. Uji uliungua mara mbili. Nilifagia ua uliokwisha fagiwa.

"Tumu, wataka au hutaki?"

"Nyanya, niache nishike maneno yangu."

"Maneno matatu wayashika wiki nzima?"

Akaondoka.

Jumapili, saa kumi alasiri, ukumbi wa shule ulijaa. Nilichungulia penye tundu la pazia: Muhdhar safu ya tatu, kanzu imepigwa pasi, tayari kwa safari yake ya jioni. Karatasi nimeishika mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kamba ya pazia, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yangu.

Kingi akauliza, "Binti yangu, umeridhia?"

Tumu akanyamaza.

"La, baba," nikanong'ona. Nikanong'ona tena, karibu nimtie mate shingoni. Nikaona sikio lake limetikisika. Alinisikia. Hakusahau.

Kule kwa kina mama mmoja akapiga kigelegele, kwa mazoea tu, na wote wakamfuata. Mwari amenyamaza, wangoje nini? Muhdhar akatabasamu kama mtu aliyeongezewa shahidi.

"Ameridhia huyo," akasema Bi Mwanakuu, jirani yetu, sauti ikafika hadi kwangu. "Leteni halua."

Watu wakacheka. Mwalimu Naomi, upande wa pili wa jukwaa, akanipungia mkono: funga, mchezo umeharibika. Akapunga tena. Nikaizungusha kamba kwenye kiganja mara mbili, nikaishika pale pale.

Vigelegele vikapungua, vikaisha. Tumu akaufunua mtandio usoni. Akampa Kingi mgongo, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akaitazama safu ya tatu.

"La, baba," akasema. "Sikuridhia."