Sauti ya Mdoe

Mdoe alifia kazini, kwenye meli ya kuvua kambamiti. Waya wa wavu ulikatika ukampiga kifuani, na walipomfikisha bandarini alikuwa ameshakata roho. Wakamzika kwao Hale. Mkewe, Faudhia, akabaki na mama mkwe wake, Bi Hajira, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, akawa anawatambua watu kwa sauti tu.

Kwenye simu ya Faudhia kulikuwa na video aliyoirekodi Mdoe melini. Mabaharia walikuwa wakichambua kambamiti, kisha samaki wengine wote walionaswa, wadogo kwa wakubwa, wakawasukumia baharini kwa beleshi wakiwa wameshakufa. Mdoe alisikika akisema, "Mama, wewe uliyetulea kwa kukaanga samaki, ungeona haya ungelia. Chakula hiki, mama, tunakitupa kila siku."

Bi Hajira alikuwa akiishikilia simu ile sikioni mpaka chaji inakwisha.

Walipokuja watu wa kampeni, wakitaka makampuni yalazimishwe kutumia nyavu zinazowaachia samaki wadogo na kuleta nchi kavu wale wanaotupwa, Faudhia aliwapa video hiyo. Bi Hajira ndiye aliyemwambia, "Wape. Wamsikie mwanangu."

Haukupita muda, Faudhia akaibiwa simu sokoni, na video ikaenda nayo. Wakawa wanaisubiri siku ya kampeni kwa hamu, maana Clinton, kijana wa kampeni aliyekabidhiwa nakala ya video, alikuwa ameahidi itaonyeshwa Korogwe.

Siku hiyo Bi Hajira alivaa khanga yake ya sikukuu. Pale soko la Manundu walipewa viti vya mbele, karibu kabisa na televisheni kubwa. Video ilipoanza, watu walishika vichwa.

"Jamani! Sisi dagaa wanatushinda bei, wao wanamwaga samaki?" alipaza sauti mama mmoja muuza nyanya.

Kwenye televisheni, mwanamke mwenye sauti laini alikuwa akieleza, muziki ukipiga kwa chini.

"Ameshaanza?" Bi Hajira aliuliza.

"Bado, mama."

Video ikaisha. Watu wakapiga makofi.

"Faudhia, mbona sijamsikia?"

Faudhia akamwita Clinton. Yule kijana akamwamkia Bi Hajira kwa adabu, kisha akaeleza. "Injini ilikuwa na kelele sana, dada. Maneno hayakusikika vizuri, tukaona tuweke msimulizi."

"Na ile yenyewe, yenye sauti yake, iko wapi?"

"Aliyeitengeneza alishaifuta, alikosa nafasi kwenye kompyuta. Lakini si unayo kwenye simu?"

"Simu iliibiwa," Faudhia alisema.

Clinton akaelewa, akashika mdomo. "Dada, nisamehe. Sikujua."

Nyuma yao watu walikuwa wanasukumana kwenda kutia saini na dole gumba kwenye karatasi za kampeni. Bi Hajira alikuwa amesikia kila neno.

"Watu wameelewa?" aliuliza taratibu.

"Wameelewa, mama."

"Ndicho alichokitaka." Akatikisa kichwa, halafu kilio kikamtoka, kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Akateleza kitini mpaka chini. Faudhia akaketi naye mavumbini, akamkumbatia.

Kundi jingine la watu lilikuwa limefika. Mtu wa mitambo, asiyejua kilichotokea, akairudisha video mwanzo. Yule mwanamke wa sauti laini akaanza tena kueleza, na Bi Hajira akaziba masikio.