Mishono Saba ya Bandi

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili, mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, saa nne za asubuhi, fundi mmoja wa cherehani aliitwa kwenye nyumba ya makumbusho, akaambiwa kwamba cherehani yake aiache nyumbani.

Fundi huyo majirani walimwita Mama Sindano. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kurudishiwa nguo hata moja, na jambo hilo alilitaja kwa unyenyekevu, yaani kila siku. Sasa alitakiwa kushona nakala ya gauni la bibi mmoja tajiri aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na alishone kama walivyoshona watu wa wakati ule: kwa sindano ya mkononi, uzi uliopakwa nta, pasi ya mkaa, wala asiguse mashine. Siku ya ufunguzi Mkurugenzi wa makumbusho angelivaa gauni hilo. Kisha lingewekwa nyuma ya kioo kando ya lile la kale, na chini yake kadi yenye maneno "Limeshonwa na," halafu jina lake kamili.

Kadi ndiyo iliyomnasa. Mama Sindano alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa kisomo cha watu wazima, na jina lake alikuwa amelisoma mahali pawili tu: kwenye kadi ya kliniki, ambako lilikosewa, na kwenye daftari lake mwenyewe, ambako mwanzoni lilikosewa pia.

Msimamizi wa kazi alikuwa Mtaalamu wa mavazi ya kale. Wafagizi walimwita Bwana Tanbihi, kwa sababu hata ukimuuliza choo kiko wapi alikujibu kwa marejeo matatu, akakuacha umebanwa vilevile. Alivaa glavu nyeupe, akalifunua gauni la kale juu ya meza ndefu, akasogeza lenzi yake kwenye bega la gauni.

"Tazama hapa, mama. Mishono saba, mirefu, ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi. Hii inaitwa Mishono ya Heshima. Saba, kwa ajili ya koo saba zilizomtukuza bibi huyu. Nimeiandikia kurasa arobaini."

Mama Sindano aliinama, akatazama, akakohoa kidogo kama mtu aliyeona kamasi kwenye pua ya mgeni rasmi.

"Bwana, hii ni bandi."

"Ni nini?"

"Bandi. Uzi wa kushikizia tu, ili nguo ipimwe mwilini. Ikishakaa vizuri, unashona mshono wenyewe, halafu bandi unaifumua unaitupa. Mkono huu wa kulia haujashonwa, bwana. Umeshikizwa. Na tazama kwapani, hakuna hata alama ya jasho. Gauni hili halijaisha, wala halijavaliwa."

"Mama yangu," alisema Bwana Tanbihi, akitabasamu kwa huruma, "wamepita hapa wasomi wa miaka mingapi? Wote hawakuona, umeona wewe?"

"Sijui, bwana. Kati yao alikuwamo fundi?"

Jibu hilo halikuwa na tanbihi, hivyo hakulisikia.

"Shona kama lilivyo," alisema.

"Basi naomba uniandikie."

"Nikuandikie? Utasoma?"

"Nitasoma polepole."

Aliandika karatasi nzima, akatia sahihi yenye mikia miwili, akampa. Mama Sindano aliikunja mara nne na kuitia ndani ya kikopo cha sindano.

Kazi ilichukua wiki sita. Gauni lilikuwa na marinda sitini na manne kiunoni, na kila rinda lilidai haki yake. Alishona akiwa amevaa tondoo, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, uzi ukipita kwenye kipande cha nta mpaka ukanyooka. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kila asubuhi kusaidia kushona bitana, na kusaidia kusema.

"Wifi, umeacha kushona nguo za watu walio hai ili umshonee marehemu?"

"Marehemu hasumbui. Hanenepi katikati ya kazi."

"Na huo mkono wa bandi?"

Hapo Mama Sindano aliacha kucheka. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mkono ukianguka, ungeangukia juu ya jina lake, mbele ya watu wote, na chini yake kadi ingesema nani ameshona.

"Tia mishono ya siri kwa ndani," wifi alisema. "Nani atachungulia kwapa la Mkurugenzi?"

Mama Sindano alishawishika, akatia mishono kumi ya siri. Kesho yake Bwana Tanbihi aligeuza gauni, akapitisha lenzi, akahesabu, akaikata yote kumi kwa mkono wake.

"Saba, mama. Historia haitiwi viraka."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mkurugenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, alitoka amevaa gauni, na watu wakashangilia. Mama Sindano alikuwa amemwendea chumbani mapema, akamnong'oneza, "Mama, tafadhali usinyanyue mkono wa kulia." Lakini Bwana Tanbihi alikuwa na hotuba, na hotuba ilikuwa na mifano.

"Na sasa," alisema, "Mkurugenzi atatuonyesha jinsi bibi huyu alivyowapungia watu wake!"

Mkurugenzi alisitasita, akanyanyua. Mishono ya Heshima ikafanya kazi yake ya asili, yaani ikaachia. Aliposhusha mkono, ule wa gauni ukateleza begani, ukapita kiwikoni, ukatoka kwenye vidole na kutua juu ya kipaza sauti, ukaning'inia pale kama mgeni anayesubiri kuhutubia.

Bwana Tanbihi hakupoteza muda. Alichomoa ile kadi kwenye kabati la kioo lililokuwa likisubiri gauni, akainyanyua juu.

"Haya ndiyo malipo ya kuwategemea mafundi wa vichochoroni! Someni wenyewe limeshonwa na nani!"

Mama Sindano alilitazama jina lake likiwa hewani. Wifi yake alimsukuma mgongoni. "Kikopo, wifi! Fungua kikopo!"

Alisogea mbele, akafungua kikopo cha sindano, akakunjua karatasi. Tangu azaliwe hakuwahi kusoma mbele ya watu, isipokuwa wanadarasa wenzake kumi na wawili, ambao nao waliogopa zamu zao. Alisoma kwa sauti, akiweka kidole chini ya kila neno, na kila penye mkato akipumua kama alivyofundishwa.

"Fundi ashone mkono wa kulia kwa mishono saba mirefu," akapumua, ukumbi mzima nao ukapumua, "wala asiongeze hata mmoja. Onyo lake kwamba hii ni bandi," akapumua tena, "nimelisikia na kulikataa. Fundi ni mikono tu," pumzi ndefu, "kufikiri ni kazi yangu."

Kama angesoma haraka, pengine wangesahau. Alisoma polepole, na kila neno likapata kiti.

"Sahihi ni ya nani?" aliuliza Mkurugenzi, bega wazi.

"Ina mikia miwili, mama."

Kicheko kilianzia kwa wafagizi waliosimama mlangoni, kikafika viti vya mbele. Mkurugenzi aliipokea kadi kutoka kwa Bwana Tanbihi, akairudisha mahali pake kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini fundi, kwa nini lile la kale halikuisha?"

"Fundi yeyote anajua, mama. Bibi alikwenda kulichukua, akaambiwa aje kesho."

Kisha akaomba kiti. Akashona mkono palepale, mshono mdogo mdogo wa kweli. Alipomaliza, akaokota nyuzi za bandi, akaziweka kwenye kiganja chenye glavu nyeupe.

"Heshima yako hii, bwana. Zihesabu, zisipungue."

Nasikia Bwana Tanbihi sasa anaandika kurasa themanini juu ya maana ya neno "kesho" katika utamaduni wa kale.

Nawe uliyefika hapa, usiikunje karatasi hii ukaificha chini ya godoro. Msomee asiyejua kusoma, kisha mpe fundi wako. Akikuambia ataisoma kesho, msubiri hapohapo mlangoni.