Kaburi Lililopinda Kando ya Waya

Mama tulimzika jioni, na asubuhi nilipokwenda kaburini nikaona limepinda. Makaburi ya wazee wetu yote yamelala sambamba, la mama peke yake limekwenda upande, kama mkeka uliotandikwa na mlevi. Maana yake mama yangu hakuelekea kibla!

Nikaenda moja kwa moja kwa Shehe Mikidadi. Yeye ndiye aliyepima, kwa dira aliyorudi nayo kutoka hija, na hataki kusikia habari za kufuata makaburi ya zamani.

"Shikamoo, Shehe. Mama yangu umemlaza anatazama wapi?"

"Marahaba. Kibla, Pili mwanangu. Dira haina undugu na mtu. Wazee wenu ndio waliokisia."

"Wazee wote wamekosea ila wewe?"

Akakasirika, mimi nilikuwa nimekasirika tangu nyumbani. Akachukua dira tukatoka, na Maneno, mtani wetu aliyechimba kaburi, akatufuata.

Shehe akaiweka dira pale pale alipoiweka jana, kwenye nyasi kando ya ua wa shamba la mkonge la Mdachi, chini ya waya mnene uliofungwa kwenye nguzo za ua, kimo cha kifua, unaopeleka umeme nyumbani kwake. Sindano ikatulia. Ilikubaliana na wazee.

Shehe akaigonga kwa ukucha, akaipuliza. Haikubadilika. "Jana haikuwa hivi," akasema. "Wallahi, haikuwa hivi."

Nilimwamini, na hapo hasira ikanipungua, nikashikwa na hamu ya kujua. Jana tulikuwa hapa karibu na magharibi. Basi, nikasema, jioni turudi.

Tukarudi. Jua likashuka, mashine ya umeme ya Mdachi ikaanza kunguruma, taa zikawaka kule nyumbani kwake, na sindano ikageuka mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeigusa! Maneno akaruka nyuma. "Ina pepo!"

"Pepo gani anayengoja mashine?" Nikainyakua dira. Nikasogea nayo mbali na ua, ikarudi kibla. Nikaukaribia waya, ikapinda. Nikainyanyua juu ya waya, loo, ikapinda upande wa pili! Nikashusha, nikapandisha, nikajikuta nacheka, mimi niliyefiwa jana tu. Kuna kitu kilikuwa kinauzunguka ule waya na kuisukuma sindano bila mkono.

"Kumbe bibi kageuzwa na taa za Mdachi," Maneno akasema. Mtani anaruhusiwa, hata makaburini.

Alfajiri, mashine imezimwa, wanaume wakamfukua mama. Shehe mwenyewe alishuka kaburini akamgeuza. Mimi nilisimama nje nikilia kwa furaha.

Walipomaliza niliingia kumshukuru Shehe, sikumwona. Alikuwa mbali, ua unakokwisha, amechuchumaa kwenye majani marefu na dira mkononi, mbele ya kaburi la mkewe Mwaisha. Naye alizikwa jioni, mwaka jana, kwa dira hiyo hiyo.

"Tumchimbe naye, Shehe?" Maneno akauliza, safari hii bila utani.

"Amekwisha kuwa udongo. Haguswi tena."

Akaninyooshea dira.

"Pili, wewe uliyekichezea. Hicho kinachoigeuza sindano bila kuigusa, mtu aliye kaburini hakiwezi kumgeuza?"

Mimi, nisiyekosa la kusema, nilimwambia sijui.