Uliza Bibi Yake Kwanza

Modesta hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na watu waliomo ndani yake. Mwaka ule intaneti kafe zilikuwa zimefunguliwa kila kona ya Morogoro mjini, na binti yake Editha, aliyekuwa akisomea uhazili, alikuwa hafiki sokoni kumsaidia kuuza mboga bila kupitia huko nusu saa kuwasalimia marafiki. Marafiki wenyewe hakuwa amemtia machoni hata mmoja.

"Rafiki gani hujamwona hata kisigino?" Modesta alimuuliza.

"Njoo siku moja uone wanavyoandika, mama. Hasa Evance. Ukitaka kumuuliza lolote, mimi nitakuandikia."

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Modesta, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alikuwa na wasiwasi kwamba ukiitazama ile kompyuta nayo inakutazama. Akakataa. Akina mama mnaosoma hapa, ushikeni huo mwezi wa tatu.

Mwezi wa nane ikatoka habari kwamba marafiki wote watakutana ana kwa ana, Jumamosi mchana, kwenye bustani moja ya vinywaji njia ya Bigwa, pale mlima unapoanzia. Na Editha, macho chini, akaongeza kwamba Evance naye anakuja, na kwamba mama akimkubali, wazee wake wataleta posa mwezi wa kumi.

Modesta hakulala vizuri wiki nzima. Jumamosi akavaa kitenge cha kanisani, akajaza machenza kwenye kapu, akasimama mlangoni.

"Twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa marafiki zetu."

Bustanini walikuta vijana kama thelathini, kila mmoja kabandika kifuani karatasi yenye jina lake la kwenye kompyuta, maana bila hivyo nani angemjua nani. Walipomwona mtu mzima wakaacha kelele. Shikamoo zikaanza kumiminika, Modesta akaitikia marahaba mpaka koo likamkauka, huku akisoma vifua. Komando, aliyesifika kwa maneno makali, alikuwa kijana mwembamba wa Mzumbe aliyeshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Mrembo wa Gairo alikuwa na ndevu.

"Wewe ndiye mrembo?" Modesta akamuuliza.

"Shikamoo, mama. Nauza karanga. Zenyewe ni nzuri sana."

Editha akamvuta mama yake pembeni. "Miezi sita namweleza huyu habari za nywele zangu zinavyokatika."

"Akakwambiaje?"

"Kanitajia mafuta ya kupaka."

"Yamesaidia?"

"Yamesaidia."

Modesta akalikumbatia kapu. Ikiwa mrembo ana ndevu, huyo Evance atakuwa na nini?

Evance alikuja kutoka upande wa jiko la mishikaki, na karatasi yake haikuwa na mbwembwe, iliandikwa Evance tu. Akaamkia kwa kuinama, akampokea kapu kabla hajaombwa, akamtafutia kiti cha kivulini. Akamenya chenza, akatoa hata zile nyuzi nyeupe, ndipo akampa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Turiani, kama alivyoandika. Alipomtazama Editha alimtazama mara moja, kisha akageukia mlima kama vile ndiyo kwanza unaota. Na Editha alikuwa na uso ambao Modesta aliujua vizuri, kwa sababu zamani aliwahi kuwa nao mwenyewe.

Kijana akaanza kumpendeza, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Matapeli nao huanza kwa kukupendeza. Lakini Modesta alikuwa amekuja na mtego wake. Tapeli atadanganya jina, atadanganya kazi na umri. Nani hukaa chini akatunga bibi?

"Nyie ni watu wa wapi, baba?"

"Baba yangu Mzigua wa hukohuko Turiani."

"Na mama?"

"Mama ni Mluguru."

"Basi na wewe ni Mluguru," Modesta akasema. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. "Ukoo gani?"

Komando akacheka. "Mwanangu, leo umepatikana. Hii mitihani huwezi kuibia."

"Wamwenda," Evance akajibu.

Modesta akaacha kutafuna. Yeye pia ni Mmwenda, na Editha vilevile, na wa ukoo mmoja hawaoani. Lakini Wamwenda ni wengi, wametapakaa mlima mzima. Mara akatamani kunyamaza. Mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Bibi mzaa mama yako ni nani?"

"Anaitwa Anastasia. Alitokea Tawa. Mumewe alikwenda Turiani kukata miwa, wakalowea hukohuko."

"Yu hai?"

"Yupo, mama. Macho ndiyo yamechoka, mdomo mzima. Mpaka leo anatwangia kinu alichotoka nacho Tawa. Kimepasuka ukingo, kimefungwa bati, na ole wako ukikigusa."

Mama yake Modesta alikufa akikinung'unikia kinu hicho. Anastasia, dada wa huyo mama, alikibeba kichwani alfajiri moja akimfuata mume, barua zikaja mbili, zikakoma. Miaka yote hiyo mama mtu hakujua alie dada au alie kinu.

Modesta akamtazama binti yake, ambaye alikuwa bado anatabasamu, hajafika alipofika yeye. Angeweza kusema, "Vizuri, baba," akala chenza lake. Nani angejua? Lakini Oktoba wazee wangekuja, na bibi yule mwenye mdomo mzima angeuliza kama alivyouliza yeye.

"Bibi yako na mama yangu ni tumbo moja," akasema taratibu. "Mama yako ni dada yangu. Wewe ni mwanangu, Evance. Huyu ni dada yako."

Mrembo wa Gairo akashusha soda yake mezani. Evance akafanya alivyolelewa. Akashuka kwenye kiti, akachuchumaa, akamshika Modesta mikono.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Machozi yalimtoka Modesta, nusu ya furaha, na nusu nyingine mnaijua. Alikuja kumkamata mwongo, na kijana hakusema uongo hata kidogo.

Editha alibandua karatasi yake kifuani, akaikunja vipande vidogo, akarudi nyumbani Kilakala akitembea hatua kumi mbele ya mama yake. Hakufungua mdomo mpaka Jumatatu, sokoni, akipanga mafungu ya mchicha.

"Nilikuomba mwezi wa tatu."

"Uliniomba."

"Ungemuuliza tu mwezi wa tatu, mama. Nilikuwa simjui vizuri hata jina."

Swali la dakika mbili Modesta alilikalia miezi mitano kwa kuogopa kioo cha kompyuta.

Alhamisi jioni yeye ndiye aliyesema wapitie kule kafe. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya Editha, mkoba mapajani, akakikazia kioo macho.

"Andika kwamba Jumapili tunakwenda kumwona bibi. Na hicho kinu wasikifiche, sijafuata kinu."

Editha akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaweka vidole. Modesta, asiye na haraka katika kusoma, alimfuata herufi kwa herufi. Editha akaandika "Evance". Akafuta. Akaandika tena "Evance", akafuta. Kwa muda kile kistari cha kwenye kioo kiliwakawaka peke yake.

Ndipo akaandika "Kaka", akaendelea.